Mgonjwa wa Huzuni Kuu: Dawa, Sala na Maneno ya Jirani

Mfano na uwe huu. Katika Lubondja, kati ya milima ya Fizi, alikuwako mama mmoja mwenye bidii. Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1996 alivuka ziwa la Tanganika pamoja na watu wengi, akakaa ukimbizini upande wa Kigoma. Kisha akarudi, akajenga tena, akalima tena. Miaka ikapita. Halafu alimzika mtoto wake, na tangu siku ile moyo wake ukazimika. Mwezi wa kwanza watu walisema, "Ni kilio, kitapita." Lakini mwezi wa nne ulipotimia, mama alikuwa angali amelala jua likiwa juu. Shamba la mihogo liliingia magugu. Sombe na ndagala havikuwa na ladha kinywani mwake. Usiku aliamka kabla ya jogoo kuwika, asipate usingizi tena. Siku moja alimwambia dada yake kwamba ingefaa asiwepo tena duniani.

Ndipo jamaa walipokutana, kila mmoja na shauri lake. Shemeji alisema, "Amerogwa huyu. Twende kwa mfumu, amtafute adui." Jirani wa chumba cha maombi alisema, "Dada yetu ana pepo. Afunge siku 7, wala asimeze kidonge cho chote." Kijana wa nyumba alisema, "Mama, vidonge vya kichwa humfanya mtu kuwa mtumwa, ukianza huachi." Babu alisema, "Mpeni jembe, kazi itamponya." Mwuguzi wa kituo cha afya akajibu kwa heshima, "Wazee wangu, huu ni ugonjwa, nao una dawa."

Basi, wapenzi wasomaji, ni nani aliyesema kweli?

I. Ugonjwa wenyewe

Huzuni si ugonjwa. Yezu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro, na mwenye kufiwa ana haki ya machozi yake. Lakini iko huzuni nyingine, ambayo vitabu vya Kiswahili vya siku hizi huiita sonona. Hiyo hudumu majuma 2 au zaidi, karibu kila siku, mchana kutwa. Hunyang'anya hamu ya kazi na furaha ya watoto. Huharibu usingizi na chakula, hulegeza mwili, hujaza moyo hatia isiyo na sababu, na mara nyingine humfanya mtu atamani kifo. Haichagui mvivu wala mwenye imani haba. Huweza kuletwa na vita, na msiba, na ufukara, na kuzaa, na ugonjwa wa mwili. Tena katika jamaa nyingine huonekana kizazi baada ya kizazi.

Kwa hiyo shauri la babu halikutosha. Kazi ndogo humfaa mgonjwa anayeanza kupata nafuu. Lakini kumkemea aliyelemewa ni kumwambia aliyevunjika mguu akimbie.

II. Dawa zilipatikanaje, nazo zafanya nini

Dawa hizi hazikutafutwa ili kuwatawala watu. Zilionekana kama kwa bahati. Mwaka 1952, katika Marekani, madaktari walijaribu dawa ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi, wakastaajabu kuona wagonjwa wao wamechangamka rohoni. Miaka michache baadaye, katika Uswisi, daktari Roland Kuhn alijaribu dawa nyingine, imipramini, akitafuta tiba ya ugonjwa mwingine wa akili. Ugonjwa ule haukupona, lakini waliolemewa na huzuni walianza kuinuka. Alitangaza habari hiyo mwaka 1957. Leo Shirika la Afya Duniani limeweka amitriptilini na fluoksetini katika orodha yake ya dawa zilizo za lazima.

Hata hivyo, madaktari wenyewe hawana shauri moja. Jinsi dawa hizi zifanyavyo kazi ubongoni bado wanabishana. Lakini katika mambo haya wengi wao wapatana: ugonjwa ukiwa mwepesi, dawa huzidi kidogo tu kidonge kisicho na kitu ndani, na yafaa kuanza na mazungumzo na msaada wa watu, ugonjwa ukiwa mzito, dawa huwasaidia wengi, ijapokuwa si wote, na wengine hupaswa kubadilishiwa.

Kijana alisema dawa humfanya mtu mtumwa. Dawa za sonona hazileti tamaa kama ile ya pombe. Lakini kijana hakukosea kabisa, kwa maana mtu akiziacha ghafula huweza kusikia kizunguzungu na mahangaiko. Kwa hiyo huachwa polepole, kwa neno la daktari. Tena kuna vidonge vya usingizi, kama diazepamu, ambavyo watu hununua sokoni wakidhani ni dawa ya huzuni. Hivyo siyo dawa yake, na hivyo ndivyo vinavyoweza kumfunga mtu.

Yampasa mgonjwa na jamaa yake wajue mambo haya:

Kwanza, dawa haiponyi kwa siku moja. Hukawia majuma 2 hata 6, lakini kinywa kikavu, usingizi au kichefuchefu huweza kuja mapema. Wengi hutupa dawa wakati huo, wakasema imeshindwa.

Pili, aliyepata nafuu huendelea kuimeza miezi 9 au zaidi, ili ugonjwa usirudi.

Tatu, amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja huua. Aliyetamani kifo asiachiwe mfuko wa vidonge. Mume, dada au mwana aliye mtu mzima autunze, ampe kipimo cha siku.

Nne, mwenye mimba, anyonyeshaye, na aliyewahi kupatwa na siku za furaha kupita kiasi, bila kulala wala kuchoka, amwambie daktari kabla ya kumeza.

III. Maneno nayo hutibu

Huko kusini ya Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, vijiji 30 viliingizwa katika jaribio lililotangazwa mwaka 2003. Katika vijiji vingine wagonjwa wa huzuni walikutana katika vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, mara moja kila juma, muda wa majuma 16. Walioviongoza walikuwa watu wa kwao waliofundishwa. Hawakupewa dawa, bali walizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao. Nafuu yao ilikuwa kubwa kupita ile ya vijiji visivyokuwa na vikundi. Hata mashariki ya Kongo, katika vijiji 15, wanawake waliotendewa jeuri wakati wa vita walisaidiwa kwa njia hiyo, na habari yao ilitangazwa mwaka 2013: wale waliokutana vikundini na kufundishwa kuyachungua mawazo yao walipona huzuni na hofu kuliko wale waliopewa msaada wa mtu mmoja mmoja tu.

Basi aketiye karibu na mgonjwa na kumsikiliza hafanyi kazi ndogo. Lakini ugonjwa ukizidi nguvu za kijiji, yafaa kumpeleka mgonjwa kwa wenye elimu. Huko Bukavu kuna kituo cha SOSAME, kilichowekwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili, nao Mabruda wa Mapendo wamekitumikia.

IV. Kanisa lafundisha nini

Someni habari za nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alichoka, akaketi chini ya mti jangwani, akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena; kisha akamgusa mara ya pili, akamlisha. Baadaye ndipo Eliya alipotembea hata mlimani na kulisikia neno la Mungu. Mungu aliutunza mwili wa mtumishi wake kwanza, ndipo akasema naye.

Tena Yoshua bin Sira, sura ya 38, afundisha kwamba daktari ameumbwa na Mungu, na dawa zatoka katika ardhi ya Mungu, na mwenye busara hazidharau. Sura hiyo hiyo yamwagiza mgonjwa asali. Basi jirani aliyesema "sala bila dawa" amekata nusu ya fundisho. Naye asemaye "dawa bila sala" amekata nusu ya pili.

Tarehe 9 Septemba 1958, mwezi mmoja kabla ya kufa kwake, Baba Mtakatifu Pio wa 12 alisema na wataalamu wa dawa za akili waliokusanyika Roma. Aliikubali kazi yao ya kuwatuliza wagonjwa, lakini alionya dawa zisitumiwe kwa kukwepa tu mahangaiko ya kila siku ambayo kila mtu hana budi kuyachukua. Mwaka 2003 Papa Yohane Paulo wa 2 aliwahimiza waangalizi wa wagonjwa wa sonona wawanyoshee mkono, ili wausikie tena upole wa Mungu.

Na ile ramli ya mfumu? Mkristu asiikubali. Haiponyi, tena humtafutia mgonjwa adui katika jamaa yake mwenyewe, na ugonjwa mmoja huzaa magomvi kumi.

Yule mama wa mfano alikwenda kwa mwuguzi, dada yake akifuatana naye. Dada alivitunza vidonge. Wamama wa jumuiya walikuja kwa zamu, wakapika, wakasali rozari fupi kando ya kitanda chake, wakamsikiliza. Mwezi wa pili mama aliomba jembe lake. Hakuna aliyemlazimisha.

Maswali na majibu

1. Je, sonona ni dhambi?
Sivyo. Ni ugonjwa, na mgonjwa hapaswi kuona haya.

2. Je, kumeza dawa ni kukosa imani?
Sivyo. Dawa ni kipawa cha Mungu, ikitumiwa kwa kipimo na kwa shauri la mwenye elimu.

3. Je, kila mwenye huzuni ameze dawa?
Sivyo. Huzuni ya kilio yahitaji faraja; ugonjwa mwepesi wahitaji kwanza mazungumzo; ugonjwa mzito mara nyingi wahitaji na dawa.

4. Mtu akisema anatamani kufa, tufanye nini?
Tusimwache peke yake hata saa moja, tuondoe dawa nyingi na sumu za shamba, tumpeleke upesi kwa wauguzi.

5. Na aliyekwisha kujiua katika ugonjwa huo?
Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba taabu kubwa ya akili hupunguza hatia ya mtu, nasi tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Kanisa humwombea.

Azimio: Juma hili, kila mkatekumeni amtembelee mtu mmoja aliyeacha kuonekana shambani na kanisani. Asimhubiri. Aketi, asikilize, arudi tena.