Mambo Matano Niliyojifunza kwa Kufuga Paka wa Siam Gendabi

Paka wa Siam ni miongoni mwa aina kongwe za paka wa Asia. Asili yake ni Thailand, nchi iliyoitwa Siam hadi mwaka 1939. Mwili wake ni wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo. Uso, masikio, miguu na mkia ni kahawia iliyokolea, na macho ni ya buluu. Wangu nilipewa na ndugu yangu wa Arusha, nikamleta Gendabi, chini ya Mlima Hanang, kwenye nyumba yenye magunia ya mahindi na panya wasiokwisha. Kumfuga kumenifundisha haya.

1. Rangi yake huletwa na baridi

Mzee mmoja jirani, mfugaji wa Kidatoga, alipomwona mara ya kwanza aliniuliza, "Mwalimu, huyu analala kwenye masizi?" Nikamjibu, "Hapana, mzee, ni baridi ya mlima." Alicheka, lakini ndiyo kweli yenyewe. Watoto wa paka huyu huzaliwa weupe, maana tumboni mwa mama hakuna mahali penye baridi. Kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya manyoya yao ni dhaifu: penye joto la kawaida la mwili hakifanyi kazi, ila kwenye sehemu zinazopoa haraka, yaani pua, masikio, miguu na mkia, kinaamka. Ndiyo maana rangi hujitokeza kidogo kidogo kadiri wanavyokua.

Niliyaona hayo kwa macho yangu siku za baridi ya Julai. Daktari wa mifugo alimnyoa ubavuni ili atibu jeraha, na manyoya mapya yakaota kahawia kama kiraka. Daktari akaniambia si dawa wala ugonjwa, ni ngozi iliyobaki wazi kwenye baridi; yakipukutika hayo, yatakayofuata yatakuwa meupe tena. Ikawa hivyo. Paka wa Siam anayelala nje Hanang atakuwa mweusi kuliko ndugu yake wa Dar es Salaam, hata kama wamezaliwa tumbo moja.

2. Ukongwe wake una ushahidi, hekaya zake zina chumvi

Thailand kuna maandishi ya kale yanayojulikana kama Tamra Maew, yenye mashairi na michoro ya paka wa heri na wa nuksi. Mapokeo yake yanahusishwa na Ayutthaya, mji mkuu ulioangushwa na majeshi ya Burma mwaka 1767, ingawa nakala nyingi zilizobaki ni za karne ya 19. Paka mweupe mwenye ncha nyeusi anaitwa humo Wichienmaat, na amewekwa upande wa heri. Huo ni ushahidi. Lakini zipo pia hekaya kwamba mkia wake ulipinda kwa kushikilia pete za binti mfalme, na macho yakaingia makengeza kwa kulinda chombo kitakatifu bila kupepesa. Hizo ni za kuwasimulia watoto jioni. Mikia na macho hayo ni mambo ya kurithi, na makengeza yanatokana na kasoro ileile ya kimeng'enya cha rangi, ambayo huvuruga njia za mishipa ya fahamu kati ya jicho na ubongo.

3. Sura ya leo imetengenezwa na maonyesho

Mwaka 1871 paka wa Siam walionyeshwa Crystal Palace, London, na kuna waliowaona kama vioja. Mwaka 1884 Edward Blencowe Gould, mwakilishi wa Uingereza mjini Bangkok, alimletea dada yake jozi, Pho na Mia. Dada huyo alishiriki kuanzisha chama cha wafugaji wa paka hao mwaka 1901. Paka wa zamani walikuwa na kichwa cha duara na mwili wa wastani. Katika karne ya 20 majaji walipenda wembamba, wafugaji wakafuata, hata leo wengi wana uso wa pembetatu na masikio makubwa. Wangu ni wa sura ya zamani, na kwa kazi ya ghalani hilo halimpunguzii kitu.

4. Afrika Mashariki nayo ina paka wake

Mwaka 1978 Jeni Slater aliwatambua huko pwani ya Kenya, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, paka wenye madoa kama gome la mti. Wagiriama walikuwa wakiwajua tangu zamani. Mwaka 1984 baadhi walipelekwa Denmark, na leo dunia inawaita Sokoke. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008, kwa paka zaidi ya 1,100, uligundua kwamba paka wa Asia walijitenga mapema, na kwamba paka wa Afrika nao ni kundi lao. Basi hata paka wa kijiji asiye na cheti ana ukoo.

5. Ukongwe wa ukoo si kinga ya ugonjwa

Paka wangu ana kelele kuliko paka yeyote niliyewahi kuwa naye, na panya anawakamata vizuri. Lakini wilaya jirani ya Mbulu ilipata mlipuko wa tauni mwaka 2007, na paka anayekula panya mwenye tauni huugua, kisha anaweza kumwambukiza mtu kwa kumng'ata, kumparura au kumkoholea. Kwa hiyo mahindi bado nayahifadhi vizuri, vichaka nafyeka, viroboto nawadhibiti, na chanjo ya kichaa cha mbwa hapitwi nayo.

Ukiuziwa mtoto wa paka kwa bei kubwa kwa sababu "ni wa Siam", uliza wazazi wake wako wapi, amechanjwa lini, na mtazame anavyotembea na kula. Rangi yake ni baridi na kasoro moja ya kurithi. Lipia afya.