Programu ya Simu na Lengo la Mteja: Funzo kutoka Mradi wa Dawa za Malaria

Taasisi ya afya inapoagiza programu ya kompyuta au ya simu, nayo huwa ni mteja: ina lengo inalotaka kulifikia, na programu ni chombo cha kulifikia. Hata hivyo, mara nyingi mazungumzo baina ya mteja na watengenezaji huanzia kwenye chombo. Huulizwa programu iwe na kurasa zipi, itumike kwenye simu za aina gani, ioneshe chati ngapi. Lakini halisemwi ni jambo gani litakalobadilika katika huduma. Matokeo yake huwa ni mfumo usio na kasoro, huku tatizo likibaki palepale.

Lengo kwanza

Mfano wa njia iliyo bora ni mradi wa SMS for Life, uliojaribiwa nchini Tanzania mwaka 2009 hadi 2010 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, Roll Back Malaria na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM. Majaribio yalichukua wiki 21 katika vituo 129 vya afya kwenye wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Lengo lilikuwa moja: kituo kisiishiwe dawa za malaria. Uzito wake ni dhahiri. Malaria kali huweza kumwua mtoto mdogo katika muda mfupi sana. Mzazi aliyemfikisha mwanawe zahanati na kukuta rafu tupu hawezi kungoja mgao ujao.

Chombo kufuata lengo

Lengo lilipokuwa wazi, chombo kilikuwa chepesi. Kila Alhamisi ujumbe mfupi ulipelekwa kwenye simu za wahudumu wenyewe, ukiuliza akiba ya pakiti nne za dawa mseto, zinazotofautiana kwa uzito wa mgonjwa, pamoja na kwinini ya sindano. Mhudumu alijibu bila gharama, na aliyejibu kwa wakati alizawadiwa muda wa maongezi. Simu ya kawaida ilitosha. Taarifa hizo zilionekana kwenye tovuti mbele ya uongozi wa wilaya, ambao uliweza kuhamisha dawa kutoka kituo chenye ziada kwenda kituo chenye upungufu, au kuharakisha maagizo. Hivyo habari ilimfikia mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua.

Kipimo cha mafanikio

Katika wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikosa angalau aina moja ya dawa hizo. Katika wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini, upungufu ulikuwa umekwisha kufikia wiki ya nane. Majibu ya wahudumu nayo yalizidi asilimia 90, lakini tofauti ya vipimo hivi viwili haina budi kuzingatiwa. Idadi ya majibu huonesha kwamba chombo kinatumika. Idadi ya vituo vilivyokosa dawa huonesha kama lengo linafikiwa. Mteja anayeletewa kipimo cha kwanza pekee hajajua bado kama fedha yake imezaa matunda.

Mpaka wa programu nao ujulikane mapema. Ujumbe wa simu hauzalishi dawa. Ikiwa wilaya nzima haina akiba, mfumo utatangaza upungufu kwa usahihi bila kuuondoa, na tiba itatafutwa kwenye ununuzi na usambazaji.

Kabla ya mkataba

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, ni vyema msimamizi wa kituo au mpango aandike mambo matatu: jambo litakalobadilika katika huduma na namna ya kulihesabu, hali ya jambo hilo ilivyo leo, ili pawe na msingi wa kulinganisha, na cheo cha mtu atakayechukua hatua taarifa itakapomfikia. Mtengenezaji naye, kila anapopendekeza nyongeza, aeleze inagusa lipi kati ya hayo. Nyongeza isiyogusa hata moja iachwe, kwani itamwongezea mhudumu kazi bila kumpunguzia mgonjwa adha.