Kuoanisha Giaboksi ya Otomatiki na Injini ya Dizeli

Tangu mwaka 1989, Dodge walipoanza kuuza lori dogo la Ram lenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9, mafundi wengi wa Marekani wamekuwa wakiing'oa injini hiyo katika magari chakavu na kuitia katika malori ya Ford yaliyozaliwa na petroli. Na swali waulizalo kwanza, yaani kama bolti za giaboksi zitakutana na matundu ya injini, ndilo jepesi kuliko yote, maana sahani ya kuunganishia hununuliwa dukani. Zito ni hili: giaboksi ilifunzwa kubadili gia kwa tabia ya injini nyingine.

Chukua mathalan giaboksi ya Ford C6, yenye gia 3. Mna ndani yake gavana, ambayo huipasha habari ya mwendo wa gari, na kifaa cha vakyumu, ambacho huipasha habari ya mzigo. Injini ya petroli ikikanyagwa kidogo huvuta vakyumu kubwa. Ikikanyagwa hadi chini, vakyumu hutoweka, na giaboksi hufahamu kwamba dereva ataka nguvu, ikachelewesha gia. Walakini dizeli hii haina kilango cha kubana hewa, basi vakyumu haipatikani hata katika mwendo wa pole. Kwa hiyo giaboksi hudhani kwamba dereva amekanyaga daima, ikangoja mizunguko karibu 4,000 kwa dakika, ilhali injini imewekewa ukomo wa takriban 2,500. Mwenye gari hulalamika kwamba giaboksi imekufa. Haijafa, maskini, yangoja amri isiyoweza kufika.

Dawa yake ni pampu ya vakyumu iendeshwayo na injini, pamoja na vali iliyofungwa kwenye pampu ya dizeli, ipunguzayo vakyumu kadiri pedali inavyokanyagwa. Ford wenyewe walitumia tadbiri hiyo walipoiweka C6 nyuma ya dizeli ya lita 6.9 katika malori yao. Gavana nayo sharti ibadilishiwe springi na vizito, ili gia zibadilike kabla ya ukomo wa injini.

Torki konveta, isimamayo mahali pa klachi, isichukuliwe kwa mazoea. Ile ya petroli, ikikabiliwa na msokoto wa dizeli, aghalabu huteleza hadi injini ikaribie ukomo wake, na nguvu ipoteayo hugeuka joto. Mafuta ya giaboksi yakidumu juu ya nyuzi 120 za Selsiasi huungua, na bamba za ndani zikafuata. Tena, kabla ya kufunga bolti zake, konveta iweze kusogea mbele milimita chache kwa mkono, kwani fundi aivutaye giaboksi kwa bolti huku konveta imekwama huvunja pampu ya mafuta siku ile ile.

Imebaki difu, yaani gia za mwisho kabla ya magurudumu, ambazo uwiano wake ndio uamuao mwendo wa gari injini ifikapo ukomo wake. Kwa tairi za 235/85R16, gia ya tatu ya moja kwa moja na difu ya 4.10, mizunguko 2,500 ni takriban kilomita 90 kwa saa. Difu ya 3.55 huvuka 100 kidogo, ila mchukuzi wa mizigo mizito milimani ataijutia kwenye kila mpando.