Yurea Isiruke, Isizame

Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Zitakazoingia kwenye mmea hutegemea sana siku uliyoiweka na namna ulivyoiweka. Mtaalamu wetu wa rutuba ya udongo anajibu maswali ya wakulima wa Nyanda za Juu Kusini.

Niliweka yurea juu ya udongo, jua likawaka wiki nzima. Mahindi bado ni ya njano. Imekwenda wapi?

Sehemu yake imepaa. Yurea ikipata unyevu, hata wa umande, kimeng'enya kilichomo udongoni huigeuza kuwa amonia ndani ya siku chache. Iliyofukiwa hunaswa na udongo. Iliyo juu hutoroka kama hewa. Hatari zaidi ni udongo mbichi, jua kali na mvua isiyokuja: hapo hata theluthi ya naitrojeni inaweza kupotea. Mabua yaliyotandazwa nayo yana kimeng'enya hicho kwa wingi, hivyo yasogeze kabla ya kuweka.

Basi nisubiri mvua kubwa iizamishe?

Mvua ya milimita 15 hivi, ikinyesha siku hiyohiyo au kesho yake, inatosha. Ikizidi sana, unahamia hasara nyingine. Amonia hugeuka kuwa nitrati, na nitrati haishikwi na udongo. Hufuata maji hadi chini ya mizizi, hasa kwenye kichanga. Afadhali usiitegemee mvua. Chimba kishimo chenye kina cha sentimita 5, umbali wa sentimita 5 hadi 10 kutoka shina, weka mbolea, fukia.

Niweke kiasi gani, na lini?

Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, ekari ina mashimo karibu 9,000. Mfuko mmoja kwa ekari ni gramu tano na nusu kwa shimo, takriban kizibo kimoja cha soda. Usimalize kwa mkupuo. Mahindi machanga hutumia naitrojeni kidogo. Mahitaji hupanda kuanzia yanapofika magotini. Weka nusu wakati huo, nusu iliyobaki muda mfupi kabla ya kutoa mbelewele.

Je, CAN haipotei?

Hairuki kirahisi kama yurea. Lakini nusu ya naitrojeni yake tayari ni nitrati, hivyo mvua za mfululizo huizamisha upesi. Tena ina naitrojeni asilimia 26 hivi: kufikia kilo 23 unahitaji karibu kilo 88. Unapolinganisha bei, piga hesabu ya kilo ya naitrojeni, usiangalie bei ya mfuko peke yake.

Nalima mpunga Mbarali. Naweza kuweka CAN kwenye majaruba?

Hapana. Chini ya maji hakuna hewa, na bakteria huigeuza nitrati kuwa gesi, ikiwemo oksidi ya nitrasi inayopasha joto anga mara 270 hivi kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Tumia yurea: toa maji, ichanganye na tope, kisha rudisha maji baada ya siku moja au mbili. Ukipata vidonge vya yurea iliyoshindiliwa, zamisha kimoja katikati ya mashina manne, kina cha sentimita 7 hadi 10, wiki moja baada ya kupandikiza.

Jirani yangu huchanganya mbolea na majivu. Nimuige?

Usimuige. Majivu, kama chokaa, hufukuza amonia iliyomo kwenye DAP, SA na CAN. Yatangulize shambani wiki kadhaa kabla. Cha kuoanisha na mbolea ya dukani ni samadi iliyooza, kwa kuwa huongeza uwezo wa udongo kushika maji na virutubisho.

Nina fedha za mfuko mmoja na ekari mbili. Nigawe?

Palilia kwanza, maana magugu nayo hula yurea. Kama nguvu zako zinatosha kupalilia na kufukia ekari moja tu, uweke wote hapo. Ukiunyunyiza juu juu kwenye ekari mbili zenye magugu, utakuwa umelisha magugu na hewa.