Biashara ya Ubani: Jangwa, Bahari na Mji wa Petra

Baada ya kusoma sehemu hii uweze:
(a) kueleza njia mbili zilizosafirisha ubani;
(b) kufafanua sababu za kukua na kufifia kwa Petra;
(c) kuonyesha uhusiano wa biashara hiyo na pwani ya Afrika Mashariki.

1. Chanzo cha biashara
Ubani unaofukizwa majumbani ni utomvu wa mti unaoota Dhofar (Oman), Hadhramaut (Yemen) na Somalia. Gome hukwanguliwa, utomvu hutiririka na kukauka. Zamani ulihitajiwa sana katika mahekalu na mazishi ya Misri, Ugiriki na Roma. Wanunuzi walikuwa mbali na miti. Ndiyo maana njia ndefu za biashara zilihitajika.

2. Njia ya jangwani
Misafara ya ngamia ilitoka kusini mwa Uarabuni, ikapita magharibi mwa jangwa hadi Petra, katika Jordan ya leo, kisha Gaza kwenye bahari ya Mediterania. Petra ulikuwa mji mkuu wa Wanabatea. Ulikua kwa sababu zifuatazo:
(i) ulikuwa njia panda ya misafara;
(ii) Wanabatea walijua kuhifadhi maji ya mvua kwa mabwawa, mifereji na matangi;
(iii) walijipatia mapato kwa kuhudumia na kulinda misafara.
Utajiri huo unaonekana katika majengo yaliyochongwa mwambani, kama Al-Khazna, lenye kimo cha mita 40 hivi.

3. Njia ya baharini
Mabaharia waliotoka Misri walijifunza kutumia pepo za msimu kuvuka Bahari ya Hindi. Bandari zao katika Bahari ya Shamu zilikuwa Berenike na Myos Hormos. Kutoka hapo ngamia walibeba mizigo hadi mto Nile, nayo mashua ikaifikisha Aleksandria. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliandika kwamba katika zama zake meli 120 ziliondoka Myos Hormos kwenda India. Aliandika pia kwamba mizigo iliyokuwa ikipitia Petra sasa ilipitia zaidi mto Nile.

4. Kufifia kwa Petra
*Zingatia:* Wanafunzi wengi huandika kwamba Petra uliangushwa na tetemeko la ardhi. Jibu hilo halitoshi. Panga matukio kwa mfuatano:
- Karne ya 1 BK: biashara kubwa imeanza kuhamia baharini.
- Mwaka 106: Roma inautwaa ufalme wa Wanabatea.
- Mwaka 363: tetemeko linabomoa sehemu kubwa ya mji.
Tetemeko lilipiga mji uliokwisha kupoteza nguvu zake za kiuchumi. Nyumba zilizobomoka zingeweza kujengwa upya. Misafara iliyobadili njia haikurudi.

5. Uhusiano na pwani yetu
Periplus, kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya 1 BK, kinaeleza bandari za ubani na pia pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki. Soko lake la mwisho liliitwa Rhapta. Kaskazi iliwaleta wafanyabiashara, kusi ikawarudisha. Walinunua pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Wakaleta mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Hivyo pepo zilizoinyang'anya Petra biashara ndizo zilizoifungulia pwani yetu masoko ya mbali.
*Tahadhari:* Mahali palipokuwa Rhapta hapajathibitishwa. Usiandike jina la mji wa leo kana kwamba ni jambo la hakika.

6. Swali la mazoezi
"Tetemeko la mwaka 363 ndilo lililouangusha mji wa Petra." Jadili. (Alama 15)

*Mwongozo wa kujibu:* Anza kwa kueleza Petra ulitegemea nini. Kubali kwamba tetemeko lilileta madhara, kisha onyesha mabadiliko ya njia ukitumia ushahidi wa Strabo. Hitimisha kwa msimamo wako.

Kumbuka: Mji unaoishi kwa njia hudhoofika njia inapohama. Leo meli za kitalii hutia nanga Aqaba na abiria hupanda basi kwenda kuitazama Petra. Bahari iliyowachukua wafanyabiashara sasa inaleta watalii.