Hukumu Iliyotolewa Bila Wewe Kuwepo

Tuchukue mfano wa mkulima wa Heru Juu, wilayani Kasulu. Anarejea nyumbani kutoka shamba la mbali alikokuwa akivuna maharage, anakuta karatasi yenye muhuri wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anaamriwa kuondoka katika kiwanja chake ndani ya siku 14. Shauri lenyewe hakuwahi kulisikia.

Wengi hudhani kwamba siku hizo 14 ndizo za kujitetea. Sivyo. Huo ni muda wa kutii, ambao Mwenyekiti huutoa baada ya mshindi kuomba kukaza hukumu. Hukumu yenyewe ilikwisha kutolewa, na siku za kuipinga zilianza kuhesabiwa tangu hapo. Kwa hiyo mkulima wetu aende masjala ya Baraza bila kukawia, aombe kuona jalada, na atazame tarehe ya hukumu kabla ya jambo lingine lolote.

Akikuta kwamba shauri lilisikilizwa upande mmoja, asikimbilie rufaa. Kanuni za mwaka 2003 zinamruhusu kuomba, ndani ya siku 30, Baraza lile lile litengue uamuzi wake. Maombi huambatana na hati ya kiapo, na hapo ndipo wengi huanguka. Kusema tu “sikuwa na habari” hakutoshi. Aeleze wito ulipelekwa wapi, nani aliupokea, naye alikuwa wapi siku hiyo. Aliyekuwa amelazwa alete cheti cha hospitali. Baraza likikataa, ndipo aende Mahakama Kuu.

Aliyehudhuria, akasikilizwa na kushindwa, anazo siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Wakazi wa Kasulu na Kibondo sasa wanayo Kanda ya Kigoma. Zamani safari ilikuwa ya Tabora. Muda ukiwa umepita, aombe kwanza kuongezewa, na ajue kwamba atatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa, hata iwe moja.

Tunasisitiza jambo moja: maombi ya kutengua hukumu, au rufaa, peke yake hayamzuii dalali wa Baraza. Siku 14 zikiisha, dalali aweza kuteuliwa na kufika mlangoni wakati shauri lako lingali masjala. Omba pia, kwa hati ya dharura, utekelezaji usimamishwe.

Wala mtu wa Kibondo asipoteze wiki nzima akisubiri Baraza la Kata lifute hukumu hiyo. Tangu mwaka 2021 kazi ya Baraza la Kata ni kusuluhisha tu, si kuamua.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anayo haki ya kuomba msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Aulize katika ofisi ya halmashauri ya wilaya, akiwa na amri aliyopokea, nakala ya hukumu na hati zote za kiwanja.