Dondoo muhimu: Kuhesabu pointi kwenye Skat

Skat, mchezo wa karata wa Wajerumani uliozaliwa Altenburg mwanzoni mwa karne ya 19, una hesabu mbili, na wageni huzichanganya.

Ya kwanza ni ya karata ulizokula. Ree ina 11, kumi ina 10, mfalme 4, malkia 3, ghulamu 2. Tisa, nane na saba hazina kitu. Jumla ni 120. Anayecheza peke yake dhidi ya wawili anahitaji 61. Wakitoka 60 kwa 60, kashindwa yeye. Zile karata mbili zilizowekwa pembeni ni zake, azihesabu.

Ya pili ndiyo inayoandikwa daftarini, na hapo ndipo penye kazi. Kila turufu ina thamani yake: uru 9, kopa 10, shupaza 11, pau 12. Grand, ambapo maghulamu peke yao ndio turufu, ni 24. Anza na ghulamu wa pau, kisha wa shupaza, kopa, uru. Hesabu unao wangapi mfululizo, ongeza moja ya mchezo, zidisha. Tuseme unao wa pau na wa shupaza, wa kopa huna, na turufu ni shupaza: 2 na 1 ni 3, mara 11 ni 33. Ukishindwa unakatwa maradufu, yaani 66.

Huna wa pau? Hesabu uliowakosa mfululizo, kwa njia ileile. Ndiyo, kukosa nako kunalipa.

Ukifikisha 90 za karata ulizokula, ongeza moja nyingine kabla ya kuzidisha. Na unaponadi kuwania kucheza peke yako, usipite thamani ya mchezo wako: hata ukila 80, umepoteza.